Kopo la Vifungo

Sogeeni wanangu, na mlango wa chumba cha kushonea uacheni wazi, kwa sababu ninayoyasema leo ni yenu nyote watatu, hata yule aliyelala kule ndani wiki ya tatu sasa, uso kautia ukutani. Mkubwa, kaa. Najua hutaki kuutazama mlango ule, basi upe mgongo, lakini kaa. Dada, nipandishe mto kidogo. Maji yamejaa kifuani na pumzi imebaki ya kuomba, kwa hiyo mtu asinikatize, na wewe Mkubwa uniache nikosee, maana ualimu wako ulishafika hata kwenye karatasi ya sokoni: mama kaandika vitunguu, mtoto katia kalamu nyekundu.

Nianze na vitu, vitu ni vyepesi. Nyumba ni yenu watatu na isiuzwe mdogo wenu akiwa hai. Cherehani mbili za miguu mgawane mtakavyo. Ile nyeusi ya umeme ni ya Injini, mdogo wenu, na msiiondoe hata kama haigusi tena, kwani kumwondolea fundi chombo chake mbele ya macho yake ni kumzika mapema. Mkasi mkubwa ni wako, Dada, uende nao saluni leo hii, usilale humu ndani. Nitakufa kabla ya wiki kwisha, na mdogo wenu yuko chini kabisa, na mtu aliye chini namna ile hayuko salama na vyuma. Akianza kusema kwamba mngepumzika kama asingekuwepo, msibishane naye wala msimwache peke yake, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.

Sasa nileteeni lile kopo la bati juu ya kabati, la vifungo, mniwekee hapa kifuani. Hili ndilo nililowaitia.

Mnajua jina la Injini alipewa na wateja. Akiwaka hazimiki. Alikuwa na miaka ishirini na miwili alipowaka mara ya kwanza, akakaa siku nne hajafumba macho, anaongea mpaka mate yanakauka, akaenda kituoni kuwaahidi polisi wote sare mpya bila kuwapima, na tukacheka, Mungu anisamehe, tulicheka mpaka tukashika mbavu. Kisha akaanguka, miezi miwili hakuoga. Majirani wakasema karogwa, nami nikawasikiliza mwaka mzima. Ndipo nikampata yule daktari wa akili, mama mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, akanikalisha chini akaniambia: mama, huu ni ugonjwa, unaitwa baipola, unampandisha mtu halafu unamshusha, na kule juu si furaha na kule chini si uvivu. Dawa hii haiumalizi, inamshikilia asipande sana wala asishuke sana. Mtapima damu yake kila tutakapowaambia, anywe maji ya kutosha, alale kwa saa zake. Ukimwona analala saa mbili na kuamka ana nguvu, usishangilie, mlete. Na akiwa mzima kabisa ndipo msithubutu kuiacha, mwenye kovu usidhani kapoa.

Nilimwelewa. Sikilizeni hapo wanangu, nilimwelewa neno kwa neno, kwa hiyo mtu asije kunitetea kwamba mama yenu hakusoma.

Nikaviweka vidonge ndani ya kopo hili, chini ya vifungo, na kila jioni nikawa nampa mkononi, naye anakunywa bila ubishi, mtoto mtiifu kuliko nyinyi wawili mkijumlishwa. Akatulia. Akawa fundi kama mafundi wengine. Na hapo, wanangu, ndipo tamaa iliponiingia, kwani shule zilipokaribia kufunguliwa sare zilijaa mezani mpaka dirishani, nikamtazama anavyoshona polepole, nikaukumbuka ule moto wake. Nikanunua vidonge vya tumbo, vyeupe, duara, vinavyofanana na vyake. Nikambadilishia.

Haikuchukua hata wiki mbili, Injini akawaka. Sare zikaisha kabla ya siku, kisha nikamrudishia dawa yake, akaanguka kidogo, akainuka. Nikajiambia, kumbe inawezekana. Mwaka uliofuata nikafanya tena, na safari hiyo aliinuka kwa shida.

Mara ya tatu ilikuwa harusi yako, Mkubwa.

Usisimame. Kaa, mwanangu. Magauni kumi na mawili kwa siku nane, nami nilitaka watu waseme mama wa bwana harusi kavalisha ukumbi mzima. Kwa hiyo siku ile Injini alipoinuka mbele za watu, akatoa mkasi mfukoni, akapiga magoti mbele ya bibi harusi akaanza kulifumua gauni lake akisema mshono umepinda, umepinda, na yule binti akapiga kelele akakimbia na hakurudi kwako mpaka leo, mkono ule haukuwa wa mdogo wako. Ulikuwa wangu. Miaka tisa umemnyima salamu, mnakula nyumba moja kama wapangaji. Chuki ile nipe mimi, uizike na mimi. Yeye hakukukosea kitu.

Na bado sijafika kwenye lililo baya zaidi.

Walipomlaza hospitali, alipopata fahamu zake, alinishika mkono akaniuliza: mama, si nilikuwa nakunywa dawa? Nikamjibu: ulikuwa unavitema, mwanangu, hukumbuki. Hivyo ndivyo nilivyomwambia, huku nikimfuta jasho. Na daktari nikamwambia anakunywa kila siku. Yeye naye akaona dawa ile imeshindwa, akaiacha, akamjaribishia hii na ile, mpaka mikono ikaanza kutetemeka, hawezi kutunga uzi kwenye sindano. Dawa iliyokuwa ikimfaa alinyang'anywa kwa uongo wangu. Naye tangu siku ile haiamini dawa wala hajiamini mwenyewe, maana mtu aliyeambiwa kwamba ametema asichokitema atashika nini? Mficha maradhi, kilio humfichua. Mimi niliyaficha makosa, na kilio ndicho hiki.

Sidhani atainuka. Siwadanganyi, nimechoka kudanganya. Daktari alisema kila anguko linalivuta la pili karibu, nami nimemwangusha mara tatu kwa mikono yangu. Lakini Dada, kesho funga saluni uende kwa daktari yule, umwambie yote, hata haya ya vidonge vya tumbo, ayaandike kwenye faili. Labda atamrudishia ile ya kwanza. Labda. Na wewe Mkubwa, dawa utampa wewe. Ndiyo, wewe. Umpe kutoka kwenye pakiti yake, alisome jina mwenyewe kabla ya kumeza. Kopo hili mnizike nalo au mlitupe, lisitiwe dawa tena.

Msinililie sana. Mungu awape usingizi wa kutosha, wanangu... awape mikono isiyotetemeka, na mwenzenu akiulizwa mtu wake ni nani, awataje nyinyi. Kheri yote niliyokuwa nayo... ichukueni.

Dada, niinue. Zaidi. Nielekeze mlangoni.

Mwanangu. Unanisikia huko? Ulikunywa. Hukutema hata kimoja. Ulikunywa kila siku, baba, nilikuwa nakuona... ni mimi. Kichwa chako hakikukudanganya. Ni mama.

Amegeuka?

Mkubwa, nenda ukatazame... Umemwona? Amesema neno?

Basi. Basi, nilazeni. Mwambieni tena kesho, kabla ya kidonge. Na keshokutwa... mwambieni tena.