Bango Mbele ya Feni

"Gesi ya kiyoyozi haijaisha," mshonaji mmoja alimwambia mzee aliyeketi naye basini. Spana ilikuwa mapajani pake. "Fundi wa mwenye nyumba anajaza gesi kila mara, na chumba bado tanuri. Nikatoka nje kuangalia mwenyewe. Kumbe mwenye nyumba katundika bango lake la 'Vyumba Vinapangishwa' mbele ya feni ya nje ya kiyoyozi! Joto linatoka, linagonga bango, linarudi palepale. Mama yangu kalala humo, kifua kinambana. Leo bango linashuka."

"Muombe kwanza, binti yangu. Subira huvuta heri."

"Nimeivuta, baba, mpaka kamba imekatika."

Nilicheka kimoyomoyo nikiwa kiti cha nyuma yao. Hilo neno subira nalisikia tangu nina meno yote, na kila aliyeniambia alikuwa amekaa kivulini.

"Atakufukuza," mzee akaonya.

"Anifukuze. Nitahama na mama yangu akiwa hai."

Basi likapunguza mwendo, mshonaji akasimama na spana yake. Mzee akakohoa. "Mabango hayo hufungwa juu sana. Ngazi unayo?"

"Sina," akajibu, mlango ukifunguka. "Majirani wana mabega."