Picha ya Ubongo wa Mwanaidi

Tuktuk ilikuwa haijatoka Msambweni, na yule mama wa leso ya manjano ameshamweleza muuza mahamri aliyeketi kando yake, mtu asiyemjua, habari za ubongo wa bintiye Mwanaidi. "Walimpiga picha Mombasa, kwa utafiti wa vijana wanaokataa kula. Yumo ndani ya mashine, anaonyeshwa vyakula, nao watazama ubongo unavyojizuia. Wasema breki zake zimekaza mno. Nasi mwaka mzima twamsifu kwa kufunga sunna!"

"Ala! Kujizuia nako ni ugonjwa? Mwanangu wampige picha, breki hawatazipata!" alisema muuza mahamri.

Abiria sote tulicheka hata dereva nusura atutie mtaroni.

"Basi yalipotokea mahamri, akaangua kicheko mle ndani, kichwa kikatikisika, picha za ubongo zikaharibika. Ati yalikuwa bapa kama chapati!"

"Mwenye kuyacheka mahamri ya watu ni mzima huyo!"

"Daktari asema bado."

"Mzima!"

Walibishana hadi Munje, simu ya mama ikalia. Alisikiliza, akamshika mwenzake mkono. "Ni yeye. Ataka hamri moja."

Tuktuk ilisimama. Muuzaji alikuwa ameshafunua kikapu. "Mpelekee matano!"

"Moja," alisema mama, akicheka huku machozi yamtoka. "La pili na aliombe mwenyewe."