Kabatesi, Aliyewangoja Mashahidi

Ndugu, majirani, na ninyi wakwe zetu mliovuka mpaka wa Goma pale Grande Barrière asubuhi hii: marehemu Mukeshimana Kabatesi, dada yangu, alizaliwa Ngara, Tanzania, tarehe 14 Mei 1974, mtoto wa kwanza wa Mzee Habiyaremye. Mimi Viateur nilimfuata. Hakuwahi kunikatiza maneno. Mkatizaji ni mimi.

Alianzia shule Ngara. Familia iliporudi Rwanda mwaka 1995, akasomea saikolojia chuo kikuu, kule Huye. Baba alitaka mwanasheria. Basi alipata nusu, kwani kuanzia 2004, hapa Gisenyi, dada aliwaandaa watu waliodhulumiwa kabla hawajatoa ushahidi mahakamani.

Mama mmoja muuza samaki wa Rubona alimwambia, "Mi naogopa ile kiti ya juge." Dada akampeleka chumba cha mahakama kikiwa kitupu, akamwambia akikalie kile kiti cha jaji. Karani akang'aka, "Mama, ile ni ya juge!" Dada akamjibu, "Kwani kitaota miba?"

Kesho yake, katikati ya ushahidi, yule mama akaanza kucheka. Wakili wa upande wa pili akasema anayecheka hakuumizwa. Jaji alipomuuliza dada, alijibu kwamba hofu nayo hucheka. "Asisukumwe. Angojwe." Jaji akangoja. Yule mama akalia, kisha akasema yote.

Mwaka 2002 aliolewa na Faradji wa Goma. Dada Mkristo, shemeji Mwislamu. Nyumba yao ilipika Krismasi na Idi, na sisi walaji hatukukosa hata moja.

Februari mwaka huu kiharusi kilimnyang'anya maneno. Shemeji alitamani kitu kimoja tu, kumsikia tena akimwita kwa jina. Mimi, kwa haraka zangu, nikawa namhimiza, "Dada, sema!" Faradji akanizuia: "Usimusukume, shemeji. Tutamungoja."

Tukangoja. Alifariki nyumbani Jumapili, tarehe 9 Juni 2024, mkono wake mkononi mwa mumewe, bila kulitamka jina lile. Sauti yake naitamani hata sasa ninaposoma.

Ameacha mume, watoto wawili, Rayhana na Manzi, mama yetu mzazi, mimi, na wale waliosimama kule nyuma, ambao hatutawauliza walimjuaje.

Mungu ampe mapumziko yasiyo na haraka. Shemeji ameniomba niongeze neno moja: bado anamngoja.