Makopo Thelathini na Moja ya Dada Yetu

Ndugu, jamaa, majirani na wafanyakazi wenzake marehemu, mimi ndiye mdogo wake anayemfuata, familia imenituma nisome maisha yake, na ninayasoma nikiwa na kinyongo, kwa sababu mkuu wa kituo cha utafiti wa udongo ametoka kusema hapa kwamba dada aliyaharibu mwenyewe makopo yake kwa usahaulifu wa ugonjwa, jambo ambalo si kweli, na nikifika hapo nitalisahihisha.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Machi 1961, katika nyumba za watumishi wa kisima cha mji, akiwa wa kwanza kati ya watoto watatu wa fundi pampu na mshona nguo, akasoma shule ya msingi ya jirani hadi 1974, sekondari ya bweni hadi 1978, kisha chuo cha kilimo, alikohitimu Novemba 1981 akiwa fundi wa maabara.

Tarehe 11 Januari 1982 aliajiriwa kituoni, chumba namba sita, chenye sinki linalovuja na dirisha lisilofungika, na humo akajitwisha fangasi wa mizizi, ambao ukiwataja watu wanakunja uso na kuulizia dawa ya miguu, nasi nyumbani hatukumwonea huruma, tulimwita Bibi Fangasi hadi akaitika. Hao wake hawamdhuru mtu, wanaishi ndani ya mizizi, wanatandaza nyuzi nyembamba kwenye udongo mkavu hadi pale mzizi usipofika, wanauletea mmea maji na chakula, nao wanapewa sukari, na udongo walioushika kwa nyuzi zao haupeperushwi ovyo na upepo. Alizunguka nyika zenye ukame akichimbua mizizi, akakusanya aina thelathini na moja, kila aina kwenye kopo lake lenye mchanga na nyasi, akaomba shamba la majaribio mara tisa, na kila mkuu mpya alimwambia aandike upya.

Tarehe 7 Septemba 1985 alifunga ndoa na dereva wa kituo, aliyekuwa amembebea mifuko ya udongo miaka mitatu bila kuuliza ni ya nini, wakajaliwa binti, ambaye ni muuguzi, na mtoto wa kiume, fundi umeme, na shemeji yetu alitutoka Mei 2014.

Alistaafu Machi 2021, chumba namba sita kikageuzwa stoo ya viti, akayahamishia makopo yote nyumbani kwake. Figo zilianza kumsumbua Agosti 2023, tarehe 2 Oktoba akalazwa, akaniachia ufunguo na agizo moja tu, nisiyape makopo maji. Nilipoyaona yale majani yamekauka kau, roho iliniuma, nikasema mgonjwa huyu haoni mambo sawasawa, nikayamwagilia kila asubuhi kwa wiki tatu, tena nikaenda wodini kifua mbele kumpa habari. Akanieleza taratibu kwamba nyasi zilikaushwa makusudi, kwa sababu fangasi huacha vijimbegu vikalala kwenye mchanga mkavu vikingoja mmea mwingine, na ukivipa maji pasipo mmea hai vinaamka, vinatafuta mzizi, vinakosa, vinakufa. Kisha akageukia ukutani.

Kesho yake aliomba karatasi, akaandikia kituo kwamba ni yeye aliyeyamwagilia kwa kusahau, na nilipokataa kuipokea barua hiyo akaniambia, "Mimi naondoka, wewe utabaki na hao wa kituoni mji huu huu. Acha waniseme mimi." Nikaipeleka kwa mkono wangu, na tangu siku hiyo najichukia. Alifariki tarehe 19 Januari 2024, saa nne asubuhi, binti yake akiwa kando ya kitanda.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, majirani waliotuazima viti na kutuletea maji, na wenzake wa kituoni, ambao nawaomba waandike kwenye faili lake kwamba fundi huyu hakusahau hata kopo moja, aliyeyamwagilia ni mdogo wake, ambaye aliambiwa waziwazi asiyamwagilie. Dada, nisamehe kwa kukukaidi mara ya pili. Pumzika kwa amani.