Ukurasa Uliokataa Kukaa kwa Yohanna

Hebu, wanangu, pateni picha ya benchi la muuza chai hapa Kaduna, asubuhi, maziwa yanamiminwa kutoka juu mpaka povu linasimama. Mimi, mwalimu mstaafu, nimebanwa kati ya Injinia, fundi redio, na Waziri, ambaye hajawahi kuongoza hata mtaa. Mbele yetu Talatu, niliyemfundisha kusoma, amepakata kompyuta. Kwa miezi sita ametengeneza daftari la mahudhurio la mtandaoni kwa shule yetu. Tatizo ni moja: mwalimu akimwekea mtoto alama, ukurasa unaruka juu, kwenye jina la kwanza. Walimu wamechoka. Leo saa nne wanaamua kama watarudi kwenye karatasi.

— Mtandao huo una usingizi, akasema Injinia.

— Usingizi wapi! Ukurasa una adabu, akajibu Waziri. Unapanda kumwamkia mkuu wa shule.

— Mwamkie wewe, waziri usiye na ofisi! Satelaiti imeinama, hiyo.

Talatu akacheka, macho kwenye kioo.

— Baba zangu, jana kwenye anwani ya ukurasa wa kurudi nilitia alama ya reli, hii #, na namba ya mtoto, ili ukurasa urudi palepale kwenye jina lake. Sasa ndiyo balaa: unanipeleka darasa la kwanza!

Akafika Mwalimu Ladi wa darasa la tano, mwenye watoto themanini na wanne. Akainama, akasoma anwani: orodha, alama ya reli, mtoto wa 57, kisha darasa la tano.

— Binti yangu, mgeni unamwelekeza kitanda kabla ya nyumba?

Talatu akaisoma anwani upya, kidole kwenye kioo.

— Jamani! Talatu akajishika kichwa. Kila kinachofuata alama ya reli kinachukuliwa kuwa jina la mahali ndani ya ukurasa. Darasa limemezwa!

Akahamisha alama na namba mpaka mwisho kabisa. Ladi akatoa simu, akashuka hadi kwa Yohanna, wa hamsini na saba, akamwekea alama. Ukurasa ukapepesa. Yohanna huyu hapa, hajasogea.

— Talatu ni mtoto wa benchi letu! Injinia akapiga kelele.

— Mimi nilijua tangu jana, akasema Waziri.

— Karatasi zibaki kabatini, akasema Ladi. Nitawaambia wenzangu mwenyewe.

— Malam, mwalimu wangu, umeona? Talatu akaniuliza.

Niliona, na kifua kilinijaa. Basi, wanangu, naomba mkumbuke jambo moja tu: mtu akimaliza kazi yake, mrudisheni pale alipoishia.