Kamba Kwenye Picha

Mukhisa: Haloo? Nani huyo?

Jerop: Ni mimi, Jerop.

Mukhisa: Ai, hii namba siijui.

Jerop: Ni simu ya jamii, hapa Kitale, mkabala na studio. Yangu haina kredo.

Mukhisa: Sasa, mpenzi? Mama ameniuliza saa hii, ati wewe bibi harusi unakuja lini huku kwetu Bungoma uonwe na—

Jerop: Mukhisa, ile filamu imetoka.

Mukhisa: Filamu gani?

Jerop: Ya Kapsokwony. Ya kidimbwi. Nimeisafisha mwenyewe leo.

Mukhisa: Si ulisema kamera iliingia maji?

Jerop: Nilidhani. Kumbe lile kasha la kuzuia maji lilivumilia. Nyoka wa maji amekuja mpaka kwa kioo, unaona hadi magamba ya mdomo. Ametoa ulimi, hanijali hata. Nimelia, Mukhisa.

Mukhisa: Poa basi, weka hizo picha ziwe kumbukumbu. Si tulikubaliana hiyo kazi ya kupiga nyoka picha majini uliacha?

Jerop: Niliacha kwa sababu uliniambia kamba ilikatika.

Mukhisa: Si ilikatika, unajua vile—

Jerop: Iko kwa picha.

Mukhisa: Nini?

Jerop: Kamba. Ile nilijifunga kiunoni. Mizizi iliponibana mguu nikaanza kuhangaika, kidole kikabonyeza kamera. Picha ya mwisho, kamba imenishukia yote, nzima. Na kile kitanzi ulichokuwa umevaa mkononi kiko pale mwisho, hakijakatika.

Mukhisa: [mkwaruzo] ...haloo? Network hapa ni—

Jerop: Usiniletee network. Unanisikia vizuri.

Mukhisa: Yale maji yalikuwa matope, Jerop, huwezi kuona—

Jerop: Ulisimama mbele ya baba ukasema kamba ilikatika, ukaruka ukanitoa. Mimi nilikuwa nimezimia, nikaamini. Mzee alikuwa hataki hata kukusikia, siku hiyo akakuita mwanangu. Ukamwambia Mungu ameonya, huyu msichana asirudi majini. Nikaambia wale watu wa kitabu cha wanyama wa mtoni watafute mwingine. Na wamepata.

Mukhisa: Nilikuwa nakuhurumia.

Jerop: Nani alinitoa?

Mukhisa: Ni mimi, bana.

Jerop: Nimempigia Bilha, yule mama alikuwa anafua nguo pale juu. Nilitaka tu kumshukuru kwa leso alinifunika. Akashangaa, ati kwani hukuniambia ni yeye aliingia majini? Wewe alikuona ukikimbilia barabara. Uliporudi ulimwomba anyamaze, akadhani utaniambia mwenyewe.

Mukhisa: Nyoka mmoja alitoka majini, Jerop. Akapanda jiwe, hapa karibu na mguu wangu.

Jerop: Wale hawana sumu. Nilikuonyesha.

Mukhisa: Ulinionyesha. Mguu haukujua.

Jerop: Uoga ningekusamehe. Ungeniambia jioni hiyo hiyo, ningekucheka tuendelee na maisha.

Mukhisa: Basi nisamehe. Kitanzi kilitoka tu mkononi, hata sikujua—

Jerop: Kilitoka ama ulikitoa?

Mukhisa: Jerop, sikiliza—

Jerop: Tulisema nikivuta mara mbili, univute. Nilivuta. Ulikuwa umeshaachilia?

Mukhisa: Mama yuko hapa, anasikia—

Jerop: Toka nje basi.

Mukhisa: [mlango, kisha upepo] Nilikuwa bado nimeishika.

Jerop: Ukasikia nikivuta?

Mukhisa: Nilisikia. Mara ya kwanza na ya pili. Halafu nikakitoa.

Jerop: [kimya]

Mukhisa: Jerop? Sema kitu. Nitukane hata.

Jerop: Mwenye simu anasema dakika zangu zinaisha.

Mukhisa: Ngoja nikupigie kwa hiyo namba. Ama nakuja Kitale kesho, tukae chini—

Jerop: Usikuje. Mimi naenda kwa baba sasa hivi.

Mukhisa: Utamwambia nini?

Jerop: Vile umesema. Haya, kwaheri.

Mukhisa: Na harusi, Jerop? Haloo? Je—