Sista Wegesa na Makabidhiano ya Kitandani

Baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, metroni wetu, Sista Wegesa Kisyeri, anastaafu tarehe 30 Juni mwaka huu. Alianza kazi mwaka 1991 katika zahanati ndogo huko Nyamongo, akifunga vidonda vya wachimbaji, kisha akahamia hapa hospitalini kwetu. Wengi tulimjua kwa sauti kabla ya kumjua kwa sura.

Zamani zamu tulikabidhiana ofisini, tukinywa chai. Asubuhi moja mwaka 2016 tuliandika kwamba akina mama wote wa wodi ya wazazi wanaendelea vizuri, kumbe mmoja alikuwa akivuja damu kitandani. Sista alimkuta alipokwenda kufungua madirisha. Mama yule alipona, tunamshukuru Mungu. Wiki ileile metroni akaagiza makabidhiano yafanyike kitandani: anayetoka na anayeingia wasimame pamoja, wamwangalie mgonjwa, wamuulize mwenyewe.

Tulinung'unika, tusifichane. Alikwenda semina Musoma, akarudi Alhamisi na kukuta fomu za makabidhiano zimeshasainiwa mpaka Jumapili inayokuja. Hata kitanda namba tisa, ambacho kilikuwa kwa fundi kikichomelewa mguu, mgonjwa wake aliandikwa anaendelea vizuri. Tulisubiri barua za onyo. Sista alicheka mpaka akakaa chini, halafu kwa miezi miwili, kila saa moja na nusu asubuhi, tukawa tunamkuta amesimama kitanda namba moja. Nani angethubutu kupita kwenda kwenye chai?

Mtihani mwingine ulikuwa wa mila. Muuguzi mwenzetu, Mzee Waitara, alilaziwa mke wa mwanawe wodini kwake, na kwetu Wakurya baba mkwe hamsogelei mkwewe kitandani. Baadhi yetu tulifurahi kimoyomoyo, tukijua sasa utaratibu umekwama. Sista hakubishana na mila. Alimwambia mzee aendelee na vitanda vingine, kile akipokee muuguzi mwingine, Beatrice. Visingizio vyetu viliishia hapo.

Miaka hii ya mwisho alikuwa na hofu moja, na aliisema waziwazi: kwamba akiondoka tu, tutarudi ofisini, na siku moja mama mwingine atavuja damu, na huyo afe sisi tukikoroga sukari. Kwa hofu hiyo alikataa kwenda likizo mara mbili.

Mwezi Machi malaria ikamlaza, wodi ya wanawake. Zamu ilipobadilishwa asubuhi, Rose, muuguzi aliyeajiriwa Januari, alifika kitandani kwake na mwenzake. Sista akawapungia mkono wapite, akisema yeye hana shida. Rose akamwamkia shikamoo, akamwomba radhi, akafunua shuka. Mkono wenye dripu ulikuwa umevimba, sindano imetoka kwenye mshipa. Akaichomoa, akaweka nyingine mkono wa pili, kisha akamuuliza bosi wake ameamkaje. Sista Wegesa akageukia ukutani akalia, wala si kwa maumivu. Siku aliporuhusiwa, kabla hajafika nyumbani, alipita ofisini akajaza fomu ya likizo.

Sista, asante kwa ukali wako, na asante zaidi kwa kutovunjika moyo na watu wabishi kama sisi. Tunakuombea afya, mvua ya kutosha kwenye mahindi yako ya Nyarero, na asubuhi nyingi za kulala mpaka jua liwe juu. Zamu tumeipokea.